Tunamsubiri Namba Nne

Tetemeko lilipotulia, kitu cha kwanza alichokitafuta Mjomba Liao hakikuwa tochi wala kofia ngumu. Alipiga magoti katikati ya vumbi la dari, akaokota mfuko wa kijani wa vitafunio vya mahindi ulioanguka kutoka juu ya kabati la seva, akaugeuza kusoma tarehe.

"Bado miezi mitano," alisema. "Na haujapasuka."

"Mjomba, achana na huo mfuko!" Chiu Pei-yun alimjibu kutoka chini ya meza. "Niangalizie taa. Zimerudi zote?"

Kwetu hakuna chumba cha mashine kisicho na mfuko ule. Jina lake ni kama kumwambia mtoto atulie na awe na adabu, nazo mashine tunaamini zinasikia, na lazima uwe wa kijani, usifunguliwe, usipitwe na tarehe. Wahandisi waliosoma mpaka wakachoka kusoma huucheka sana, kisha huubadilisha kimyakimya kabla haujaisha muda. Pei-yun, ambaye kazini wote walimwita Yun, alikuwa mmoja wa hao. Alikuwa na miaka thelathini na saba, na kazi yake katika hospitali ile ya mji wa Hualien ilikuwa kuhakikisha kumbukumbu za wagonjwa zinapatikana wakati wote. Liao, mjomba wa heshima tu, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alikuwa mtu wa nyaya, bisibisi na ngazi.

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Umeme ulikuwa umekatika, jenereta ikaingia, na mashine zilikuwa zinaamka moja moja. Yun alijipangusa vumbi, akakaa mbele ya skrini, akaanza kazi.

Hospitali ilikuwa na seva tano zilizounganishwa na programu moja ili zifanye kazi kama mtu mmoja. Tatu zilikuwa katika chumba hiki, jengo la zamani. Mbili zilikuwa jengo jipya, ng'ambo ya ua. Programu yenyewe ilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala, ileile ya vikao vya wabunge: akidi isipotimia, hakuna kikao. Zaidi ya nusu ya seva lazima zionane na kukubaliana, ndipo kumbukumbu zifunguke. Kwa seva tano, tatu zinatosha.

"Hapa tatu zote ni kijani," Liao alisema. "Jengo jipya halionekani. Mlinzi wa kule anasema bomba limepasuka, maji yanatoka chini ya mlango wa chumba cha mashine, na mlango wenyewe umekwama."

"Taa zinawaka ndani?"

"Anasema anaona mwanga chini ya mlango. Hajui ni wa nini."

"Basi. Tatu zinatosha," Yun alisema, akaamuru programu ianze.

Skrini ilifikiri kidogo. Kisha ikaandika:

Waliopo: 1, 2, 3. Wanaohitajika: wanne. Akidi haijatimia. Tunamsubiri namba 4, namba 5, namba 6.

Liao alisogea akasoma kwa sauti, kidole kikifuata herufi. Alipofika mwisho alirudi nyuma hatua moja.

"Inamsubiri nani?" aliuliza.

Yun alisoma tena. Tano na Sita zilikuwa jengo jipya, hilo lilieleweka. Lakini hapakuwa na Nne. Hapajawahi kuwa. Kwa lugha yetu, nne na kufa hutofautiana kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu, na mtu mwenye akili zake hawezi kukipa kitu cha hospitalini namba hiyo. Hakuna kitanda cha nne wodini. Hakuna ghorofa ya nne. Lifti inatoka ya tatu inaingia ya tano, na chumba hikihiki cha seva, kilichoandikwa ghorofa ya tano, ni cha nne kwa anayehesabu kwa vidole. Seva zilipoletwa, Liao mwenyewe ndiye aliyezibandika majina: Moja, Mbili, Tatu, Tano, Sita.

"Mjomba, una uhakika hapakuwa na nyingine?"

"Mimi? Niinunue Nne niilete hospitalini, mama yangu akiwa hai?" Liao alikaribia kukasirika. "Ningeitupa mtoni kabla haijatolewa kwenye boksi."

Simu ya ndani ililia. Alikuwa Hsieh Jung wa benki ya damu, ghorofa ya kwanza, na alikuwa anaongea haraka.

"Dada Yun, kumbukumbu zinafunguka saa ngapi? Panay yuko chumba cha upasuaji."

"Panay gani?"

"Panay wetu! Wa vyakula! Jokofu limemwangukia, mguu umesagika, anatoka damu."

Yun alifumba macho. Panay Kaniw alikuwa na kibanda cha maboksi ya chakula kwenye lango la hospitali. Kila mchana alimchagulia Yun boksi lenye yai kubwa zaidi, na kila mchana alimsema: leo dada wa mashine una sura ya tofu iliyolala, jibini la soya la jana, unakula kweli wewe? Watu walipanga foleni kwa ajili ya nyama zake, lakini wengi walipanga ili wasemwe.

"Mpe damu," Yun alisema.

"Ipi? Alipojifungua miaka miwili iliyopita tulimwongezea damu, mwili ukaikataa, nusura afe. Kuna kitu kwenye damu yake kinachopigana na damu za watu wengine. Tulikipima, tukakiandika, kimo ndani ya mashine zako. Mume wake yuko hapa mbele yangu, hakumbuki jina lake. Nikianza kupima upya kwa mkono ni saa nzima. Daktari Yeh anasema ana nusu saa. Akipata damu ataunga mishipa. Asipopata anakata mguu juu ya goti ili azibe damu, na hata hapo haahidi kitu."

"Nusu saa kuanzia lini?"

"Kuanzia dakika tano zilizopita, Dada Yun."

Hofu ilimshika Yun, hofu ya kweli ambayo tetemeko lenyewe halikuwa limemtia. Tetemeko kwetu ni kama mvua, unaingia chini ya meza ukangoja liishe. Hili halikuwa na meza ya kuingia chini yake. Alizima programu akaiwasha tena. Tunamsubiri namba 4. Aliangalia nyaya, akaangalia saa za mashine kama zinakubaliana, akasoma kurasa na kurasa za malalamiko ya programu akitafuta sababu nyingine yoyote. Dakika zikaenda. Kila alipowasha, jibu likawa lilelile. Liao alikuwa amerudisha mfuko wa kijani mahali pake na sasa alikuwa ameuwekea mkono juu, kama anayeuzuia usianguke tena.

Simu ililia tena, na safari hii ilikuwa sauti ya Mkuu Kuo, bosi wa idara, kutoka uani walikokusanyika watu.

"Yun, kuna amri ya kulazimisha, si ipo? Ya kuiambia programu ifungue bila akidi?"

"Ipo, Mkuu."

"Sasa unangoja nini, upelekewe barua?"

"Mkuu, kama upande wa pili uko hai—"

"Upande wa pili umelowa!"

"Mlinzi anaona mwanga. Na programu inadai kuna namba nne. Kama ipo na iko kule pamoja na Tano na Sita, basi kule nako wako watatu."

"Hakuna namba nne!"

"Skrini inasema ipo."

"Mtu anakufa huku chini, nawe unabishana na skrini. Lazimisha! Nitajibu mimi."

Mkuu aliikata simu. Yun aliandika ile amri mpaka herufi ya mwisho, kidole kikasimama juu ya kitufe, na kikakataa kushuka.

Miaka minane nyuma, katika hospitali nyingine mbali na Hualien, alikuwa ameibonyeza. Kebo ilikuwa imekatika kati ya vyumba viwili, bosi akapiga kelele, Yun akalazimisha. Chumba cha pili kilikuwa hai. Seva zikawa makundi mawili, kila kundi likijiona ndilo lenyewe, kila moja likiandika daftari lake bila kujua la mwenzake. Muuguzi wa mchana akamchoma mzee mmoja aliyeitwa Peng sindano ya insulini, akaiandika. Muuguzi aliyempokea zamu akafungua daftari lingine, hakuiona, akamchoma tena. Mzee Peng hakufa. Alibaki kitandani akiwatazama watoto wake kama watu wa mtaa mwingine. Yun aliacha kazi, mwishowe akavuka milima akaja Hualien, na tangu siku hiyo hakuna kitu alichokigusa bila kukikagua mara tatu.

Sasa kama Nne ipo, kule ng'ambo ya maji, imeungana na Tano na Sita, huenda kikao cha pili kimeshaanza. Hajui daftari la kule linahesabu vipi. Akilazimisha, Jung atafungua kumbukumbu za Panay na kuona kitu, na hakuna atakayejua kama alichokiona ni kweli yote au nusu. Na damu ukishamwingizia mtu huwezi kuitoa.

"Mjomba," alisema, "nataka kuiita."

"Kumwita nani?"

"Namba nne. Kila seva ina anwani yake. Ya nne ingekuwa kati ya ya tatu na ya tano. Naiita. Isipojibu, hakuna mtu pale, nabadilisha hesabu naendelea."

"Usiiite," Liao alisema mara moja. Alikuwa amekuwa mweupe. "Yun, mwanangu, nakuomba. Vitu vingine mtu haviiti kwa jina."

Yun aliandika anwani, akabonyeza.

Ikajibu.

Ilijibu mara moja, bila kusitasita. Nipo. Sekunde moja baadaye tena, nipo. Mistari ikashuka kwenye skrini mmoja baada ya mwingine, nipo, nipo, nipo. Liao alitoa sauti ndogo ya koo. Yun alisukuma kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta. Sitaki kumfanya jasiri kuliko alivyokuwa: kwa muda wa pumzi kadhaa aliamini. Aliamini kwamba kwa miaka sita wamekuwa wakiruka namba moja, na kwamba namba ile imekuwepo wakati wote, imekaa mahali fulani, inawangoja.

Kisha akapandwa na hasira, na hasira ikamsaidia.

"Kinachojibu kina waya," alisema. "Kina waya, na waya una mwisho. Mjomba, njoo kwenye swichi."

Swichi ni lile boksi ambalo nyaya zote za hospitali huingilia. Yun aliiuliza sauti ile inatokea tundu lipi. Ikamwambia la thelathini na moja. Liao aliingia nyuma ya kabati na tochi mdomoni, mikono ikipapasa, mpaka akaupata waya wenyewe na kibandiko chake cha manjano. Alikisoma mara mbili kabla hajasema.

"Ghorofa ya kwanza," alisema. "Benki ya damu."

Walitazamana. Nadhani wote wawili walifikiria kitu kimoja: namba ya kufa, na damu ya Panay.

"Kaa hapa kwenye simu," Yun alisema. "Angalia hiyo mistari. Ikikatika niambie."

Lifti ilikuwa imefungwa. Alishuka ngazi akikimbia, kutoka ya tano kwenda ya tatu kwenda ya pili, na kati ya ya pili na ya kwanza tetemeko dogo la kufuatia likampata, akakumbatia bomba la ukutani mpaka likapita. Alikuwa analia bila kujua alianza saa ngapi.

Mlangoni pa benki ya damu alikuwa amekaa mwanamume mwenye vumbi jeupe la mawe mpaka kwenye nyusi. Mayaw, mume wa Panay, alikuwa fundi wa mawe ya marumaru; alikuwa amekuja mbio moja kwa moja kutoka kiwandani. Alinyanyuka alipomwona.

"Dada, wewe ndiye wa mashine? Waliniambia jina la kile kitu kwenye damu yake. Siku ile. Nilikuwa nimembeba mtoto, nikaitikia tu. Nikaitikia tu, dada."

"Tunakitafuta," Yun alisema, akampita, kwa sababu hakuweza kusimama mbele ya uso ule.

Jung alikuwa mezani na safu ya mirija midogo, anapima kwa mkono, jasho limemlowesha barakoa.

"Jung, kuna kitu humu ndani kinachotumia waya wa mtandao. Kitu kisichokuwa kompyuta yako."

"Majokofu hayana. Simu siyo." Jung hakuinua kichwa. "Printa. Ile ya kuchapa vibandiko vya mifuko ya damu."

Printa ilikuwa kwenye rafu, boksi la kijivu lisilozidi tanuri dogo la mikate. Taa yake ilikuwa inapepesa kila sekunde, taratibu.

"Ilipata wapi anwani yake?"

"Kuna kijana wa mkataba aliyeifunga mwaka juzi. Nilimuuliza una uhakika hakuna anayeitumia namba hiyo? Akacheka, akasema dada, hiyo ya nne, katika hospitali hii hakuna atakayeigusa mpaka dunia iishe."

Yun alinyakua simu ya ukutani, akapiga juu. Kwa mkono mwingine akaushika waya wa printa.

"Mjomba, bado inajibu?"

"Bado. Nipo, nipo. Yun, siipendi hii."

Akauchomoa. Taa ya printa ilizimika.

Kisha Liao akashusha pumzi ndefu masikioni mwake.

"Imenyamaza."

"Ni printa, Mjomba. Ni printa ya vibandiko." Akakaa sakafuni na simu. Hapakuwa na Nne. Kule ng'ambo ziko mbili tu, na mbili haziwezi kufanya kikao, uwe unahesabu tano au sita. Hapa ziko tatu. Tatu katika tano ni akidi halali kabisa. Mtu fulani tu ndiye aliyeandika sita mahali pa tano. "Sikiliza. Hakuna muda wa mimi kupanda. Utabadilisha wewe."

"Mimi? Nina vidole viwili tu vinavyojua kazi hiyo!"

"Vinatosha. Fungua faili nililoliacha kwenye skrini, la orodha. Lifungue, unisomee."

Alimsikia anagonga vitufe, kimoja, kingine, anajilaumu chini chini.

"Limefunguka. Nisome kuanzia juu?"

"Soma."

"Mstari wa kwanza. Orodha ya wanachama wa kundi. Mstari wa pili. Faili hili limeandaliwa na..."

"Mjomba?"

"Yun. Hapa pameandikwa..."

"Shuka chini," Yun alisema. "Shuka mpaka penye neno idadi."

Hakuhitaji kusomewa. Alikuwa ameshakumbuka. Wiki yake ya kwanza Hualien, miaka sita iliyopita, fomu ya programu ilimuuliza: seva zako, kuanzia namba ngapi mpaka namba ngapi? Aliinua macho kabatini, akaona kibandiko cha ya kwanza, akafungua mchoro wa jengo jipya, akaona jina la ya mwisho. Akaandika: moja mpaka sita. Alikagua mara tatu. Mara zote tatu alikagua majina, hata mara moja hakuhesabu mashine. Na kwa miaka sita zote tano zilikuwa zinaamka pamoja, zikafika wanne waliohitajika bila shida, na kosa likalala.

"Nimepaona," Liao alisema taratibu. "Idadi, sita."

"Futa. Andika tano. Kisha mstari wa namba nne, ufute wote."

"Nimefuta. Nimeufuta vizuri."

"Mashine ya pili, vilevile. Kisha ya tatu."

Ilichukua muda. Vidole viwili ni vidole viwili. Jung alikuwa amejibu simu nyingine na kusema "ndiyo, Daktari" mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Akaweka mkono wa simu mahali pake na kumtazama Yun aliyekaa sakafuni.

"Ameanza kukata," alisema.

Nje ya mlango Mayaw alikuwa anatembea, hatua sita kwenda, hatua sita kurudi.

"Tayari," Liao alisema. "Niwashe?"

"Washa."

Yun aliuma kidole chake.

"Inasema waliopo watatu. Wanaohitajika..." sauti ya mzee ilikatika. "Wanaohitajika watatu. Inasema akidi imetimia. Yun! Inafungua!"

Skrini ya Jung iliwaka yenyewe juu ya meza. Jung aliruka kiti, akaandika jina, na jina la kile kitu likatokea pamoja na onyo jekundu alilokuwa ameliandika mwenyewe miaka miwili iliyopita. Akakimbilia jokofu. Alitoa mifuko kumi na mmoja, akarudisha saba, akaondoka na mingine mbio kuelekea chumba cha upasuaji. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika tatu. Zilikuwa zimepita dakika ishirini na tisa tangu skrini iseme kwa mara ya kwanza kwamba inamsubiri namba nne.

Panay aliishi. Damu ile ndiyo iliyomrudisha, Daktari Yeh alisema hivyo mbele ya watu wote. Mguu haukurudi.

Taarifa ya Mkuu Kuo ilikuwa na ukurasa mmoja, na sababu ya kuchelewa iliyoandikwa ilikuwa tetemeko. Aliisoma mbele ya Yun, akamuuliza kama kuna la kuongeza, na uso wake ulionyesha kwamba asingependa liwepo. Liao alimfuata kwenye korido akamshika mkono.

"Achia hapo," alimwambia. "Nne niliiruka mimi, kama ni hivyo. Na mimi sitasema, na jina lako kwenye lile faili nimelifuta. Tetemeko halina mke wala watoto, liache libebe."

Yun aliitikia. Kwa siku mbili aliitikia kila mtu.

Siku ya tatu Panay alihamishiwa wodini, kitanda cha tano, kile kinachofuatia cha tatu. Yun alikuja mchana akakaa kwenye benchi la korido, hakuthubutu kuingia. Alikuwa anaogopa kuliko alivyoogopa ngazini, kuliko alivyoogopa mistari ile ikishuka. Mayaw alitoka akamkuta. Alikuwa ameoga, vumbi limeisha, na mkononi alikuwa na boksi la chakula lililofungwa kwa mpira.

"Nilijua utakuja," alisema, akamwekea boksi magotini. "Dada yake Panay ndiye anayepika kibandani sasa. Lakini yai amelichagua mwenyewe Panay, nimempelekea matatu kitandani achague. Amesema nikwambie una sura ya tofu iliyolala. Nimemwambia dada hakulala, dada ndiye aliyekuokoa."

Yun alitoa mpira, akafungua kifuniko, akashika vijiti. Mvuke wa wali ulimpanda usoni. Yai lilikuwa kubwa kweli.

"Kaka Mayaw," alisema, "kuna kitu nataka kukuambia, na naogopa."

"Sema."

"Ni kuhusu zile mashine. Zilikuwa tano. Mimi niliandika sita. Kwa hiyo zilipobaki tatu zikadhani hazitoshi, na kumbe zilikuwa zinatosha tangu mwanzo. Zingefunguka palepale."

Mayaw alikunja uso. Hakuwa amekasirika, alikuwa anajaribu kuelewa.

"Mtu anahesabuje tano akapata sita?"

Yun aliweka vijiti vyote mkono mmoja, akainua mwingine, akakunja kidole kimoja kwa kila jina.

"Moja. Mbili. Tatu. Tano. Sita."

Mayaw alimfuata kwa vidole vyake mwenyewe, vidole vinene vya fundi wa mawe, vyenye makovu. Havikuchukua muda.

"Umeruka nne," alisema.

"Ndiyo."

"Mtoto wangu wa miaka miwili angekuambia umeruka nne."

"Ndiyo, kaka."

Alibaki anaviangalia vidole vyake. Kutoka wodini ilisikika sauti ya Panay ikimtania muuguzi, dhaifu lakini ni yeye.

"Dakika ngapi?" Mayaw aliuliza.

"Ishirini na tisa."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayelinganisha hesabu mbili, hiyo na nusu saa ya daktari, na kuona zinakubaliana. Kisha akainama, akalichukua boksi kutoka magotini kwa Yun, akarudisha kifuniko, akalifunga tena kwa mpira wake, akaingia nalo wodini na kuufunga mlango. Yun alibaki kwenye benchi na vijiti mkononi.